Kiti cha Nyuma cha Pijo

"Viti hivi nitavitupa vyote, niweke vipya," alisema mnunuzi, na Dafrosa akaacha kufuta kioo.

Magari mengine kumi na moja yalikwisha kupakiwa kwenye malori kwenda Dar es Salaam. Ile Pijo nyeusi ndiyo iliyobaki kwenye ghala la mtaa wa Chemchem, ambalo tajiri wa Dafrosa, sasa marehemu, aliligeuza makumbusho ya magari. Kwa miaka ishirini na sita Dafrosa ndiye aliyeyasafisha.

Ngozi ya kiti cha nyuma ilikuwa imepasuka, na pembeni palikuwa na doa la rangi ya chai ambalo hakuwahi kulisugua.

"Vipi, mama?" akauliza mtoto wa marehemu, aliyekuwa akiuza.

"Baba yako hakukuambia? Alinikuta barabarani Ipole nimembeba binti yangu, anachemka kwa homa. Akatupakia humu. Tulipofika sokoni hapa Tabora, mtoto akakata roho mapajani mwangu. Tukageuza."

Mtoto wa marehemu akainamisha kichwa. "Basi chukua hicho kiti, mama. Nitamwambia mnunuzi akuachie."

"Kiti nikipeleke wapi, mwanangu?"

Dafrosa akafungua mlango wa nyuma, akaingia, akakaa upande wa kushoto. Mikono yake ikajikunja yenyewe, kama ya mtu anayepakata.

"Niendeshe mpaka hospitali," akasema. "Siku ile hatukufika."

Mtoto wa marehemu akamgeukia mnunuzi, akamnyooshea kiganja ampe ufunguo.