Kidani cha Cucu Wangeci

Cucu Wangeci alirudi kutoka kwenye mtihani wa matamshi akiwa amefungwa kidani. Mzee yeyote aliyeshindwa kutofautisha kura na kula, au ghali na gari, alivishwa kidani hicho, nacho kiliimeza sauti yake na kutoa maneno yaliyonyooka kwa sauti nyingine.

Mkwewe, Nyawira, alikuwa amemfanyisha mazoezi kila jioni wakimenya viazi, bila kumcheka hata mara moja. Hata msichana wa mtihanini aliyemfunga kidani alikipasha kwanza viganjani, kisimshtue kwa baridi.

"Wamesemaje, Mama?"

"Wamesema ulimi wangu umezeeka," alijibu Wangeci, na maneno yakatoka kwa sauti ya mwanamke kijana, kama msoma taarifa.

"Aki Mama, hata sijui nikutazame wewe au hicho kitu!"

Kariithi, mtoto wa Nyawira wa miezi kumi, akaanza kulia. Tangu azaliwe, hakuna aliyeweza kumbembeleza akanyamaza ila cucu, bibi yake. Wangeci alimpakata, akamwimbia wimbo wao wa kila siku. Kidani kikauimba bila kosa. Mtoto alimkazia macho, kisha akageukia mlangoni kumtafuta cucu yake, akazidi kulia.

"Mpe wiki moja, Mama. Atazoea," Nyawira alisema, akimshika bega.

Wiki haikuisha. Siku ya nne wimbo ulipoanza tu, Kariithi alinyamaza. Wangeci akainama kwa furaha ambusu. Mtoto akausukuma uso wa cucu yake kando, akakishika kidani kwa mikono miwili, akakichekea.