Kikombe cha Mwanzilishi

"Sasa kunywa," mkuu wa chuo alimwambia Euphrasia, akimsogezea kikombe cha fedha cha mwanzilishi. "Kila mwalimu tunayempa ajira ya kudumu lazima anywee hiki, na mdomo wa kikombe haufutwi. Humu ndani sote ni ndugu."

Euphrasia alitaka kucheka. Undugu gani? Chuo kizee hiki, kilichoota kuvu ya majivuno hapa Washington, kilijengwa na watumwa, kisha kikawafungia mlango wajukuu wao karne nzima. Leo kinajipongeza eti kwa sababu Mtanzania mmoja amekalishwa mbele, anakula samaki asiyekolea chumvi.

Akanywa. Mvinyo wenyewe ulikuwa mchachu.

Mkuu akakipokea kikombe. Huku akitabasamu, akachukua kitambaa cheupe, akapangusa pale midomo ya Euphrasia ilipogusa. Akapangusa tena. Ndipo akanywa.

Wazee wa chuo mezani, Wazungu watupu, wakainamia sahani zao.

"Nyamaza tu, dada," profesa Mmarekani Mweusi aliyeketi kando yake alimnong'oneza kwa Kiswahili cha kujifunza. "Hata mimi walinifanyia hivyo. Utazoea."

Kikombe kikawazunguka wazee hao wote bila kufutwa tena, kikamrudia Euphrasia kikiwa na funda la mwisho.

Akasimama. Akakichukua kitambaa kile kile cha mkuu, akaufuta mdomo wa kikombe taratibu, pande zote, kama anayemfuta mtoto kamasi. Kisha akamkabidhi yule profesa wa kando yake.

"Kunywa, kaka," alisema kwa sauti. "Sasa ni safi."