Sanduku Lililonukia Mkate

Wanaume watatu wenye suti walikuwa wamebandika pua zao ukutani, mmoja amepiga magoti kabisa.

"Inatokea hapa," alisema mmoja wao, mhasibu, akionyesha tundu dogo karibu na dari. "Nyuma ya ukuta huu kuna nini?"

Kijana mwenye kampuni, ambaye jengo zima lilimwita Mkurugenzi tangu kabla hajaajiri mtu, alikuwa ameloa jasho mpaka kwenye tai. Nyuma ya ukuta kulikuwa na duka la Mama Mkate.

Mkurugenzi alikuwa amehamia pale na sanduku lake, kubwa kama friji ndogo. Unaliwasha, unabonyeza simu, na chumba kizima kinanukia mkate unaotoka motoni. Magazeti yakaandika. Akapewa tuzo na watu ambao hawakuwahi kulinusa.

"Kwa sasa ni mkate tu," alikuwa akisema jukwaani. "Mwakani ni kahawa. Baadaye mvua, na tukijaliwa, kichwa cha mtoto mchanga."

Watu walipiga makofi mpaka viganja vikauma. Ofisini zikaongezwa meza, kikaletwa na kiti kinachozunguka ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukikalia. Kisha ofisi ikawa ndogo. Mwenye nyumba akamwendea Mama Mkate, akakohoa kidogo, akamwambia mwisho wa mwezi ahame, kampuni inakitaka chumba chake.

Mama Mkate alikuwa mjane. Duka lile aliachiwa na mumewe, mwoka mikate aliyesifika mtaa mzima, pamoja na tanuri la matofali lililoegemea ukuta wa ofisi. Hakuwa na duka jingine wala mtoto wa kumkimbilia. Alipoambiwa ahame hakulia. Alimwomba Mungu amfungulie njia, akaendelea kupanga mikate kwenye kabati la kioo, nguo yake haina hata chembe ya unga. Wateja walimpenda kwa usafi huo. Na tangu kampuni ihamie pale walikuwa wameongezeka, maana wageni wa sanduku walitoka ofisini mate yamewajaa, wakaingia kwake moja kwa moja.

Sasa tajiri aliyetaka kutia mtaji alikuwa amekuja kunusa mwenyewe kabla ya kutia sahihi, na mhasibu wake alikuwa na pua.

"Zima sanduku," tajiri aliamuru.

Likazimwa. Wakasubiri. Chumba kikaendelea kunukia mkate.

"Imeshika kwenye mapazia, mzee," Mkurugenzi alisema. "Inakaa siku nzima. Hilo ndilo zuri lake."

"Kijana, umepanga chumba nyuma ya tanuri la mkate, halafu unaniuzia harufu ya mkate." Tajiri aliweka kiganja ukutani. "Na aliyelijenga ni fundi hasa. Halipitishi joto hata kidogo."

Wenzake wakacheka. Mkurugenzi akatoka mbio, akazunguka jengo, wao wakamfuata mpaka mlangoni pa duka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo mmekuja wengi. Mikate ipo."

"Mama, nakuomba. Zima tanuri lako. Leo tu. Warudi wanuse tena, waone kwamba harufu ni yangu."

Mama Mkate alimtazama, kisha akawatazama wale wenye suti. Hakuwa mtu wa kusema uongo, na hakupenda kuanza uzeeni.

"Tanuri la kuni si taa, mwanangu," alisema taratibu. "Halizimwi kwa kuombwa."

"Basi niingie nilimwagie maji, mama. Hasara nitalipa mimi."

"Nyuma ya pazia hilo hajaingia mwanamume tangu marehemu aondoke. Aanze kuingia mwenye ndoo?"

Tajiri alikuwa ameshaumega mkate, anautafuna. "Mwache mama wa watu afanye kazi," alisema. "Yeye angalau anauza kitu cha kweli."

Kampuni ilianguka haraka kuliko ilivyopanda. Magazeti yaleyale yakaandika kwamba yalitilia shaka tangu mwanzo. Waliotoa tuzo wakasema ilikuwa ya kumtia moyo tu. Kiti kinachozunguka kilibaki kwa mwenye nyumba, akawa anakizungusha mchana kutwa. Sanduku lilipakiwa kwenye mkokoteni pamoja na mapazia, likapelekwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mkurugenzi alilifuata kwa miguu, ameshikilia waya wake, kama mtu anayempeleka mgonjwa hospitali.

Mwenye nyumba alirudi dukani na kikohozi kingine. "Wewe kaa tu, mama. Yale tusiyaseme tena."

Siku hiyo Mama Mkate alipiga magoti kumshukuru Mungu. Alikaa hapo muda mrefu kuliko kawaida, kama mwenye jambo jingine la kumweleza.

Wiki iliyofuata aliingia fundi cherehani wa ghorofani, mteja wake wa kila siku. Akachukua mkate, akaunusa, akaurudisha kabatini.

"Dada, kuna nini siku hizi? Zamani nilikuwa naanza kumeza mate nikiwa bado ngazini. Leo nimeingia mpaka ndani, sisikii harufu yoyote."

"Hewa imebadilika, mdogo wangu."

"Basi ibadilishe tena. Mkate usionukia hata kwenye duka la jumla upo, tena kwa bei nafuu." Akaenda zake mikono mitupu.

Mama Mkate alirudi nyuma ya pazia, akamaliza kuivua mikate ya kiwandani mifuko yake, akaipanga kwenye trei. Kisha akamtoa paka na wanawe ndani ya tanuri, ambalo halikuwa limeonja moto tangu marehemu azikwe, akainama mlangoni pake akijaribu kukumbuka kuni zilikuwa zikiingizwa upande gani.