Bahasha Juu ya Kabati

Jina lililoandikwa kwenye bahasha halikuwa lake. Yunis alikuwa ameliziba kwa kiganja tangu saa moja asubuhi, huku amekalia tako moja kwenye benchi la hospitali ya misheni. La pili likigusa ubao tu, maumivu yalimpasua kutoka kiunoni mpaka kisiginoni.

"Wenye picha za mgongo tu!" nesi alitangaza kwa mara ya tatu. "Bingwa yupo leo tu, jioni anarudi Dar. Wengine atawachoma sindano, wengine atawapa mazoezi, wengine atawatoboa kitundu. Asiye na picha asinipotezee muda!"

Kitundu! Hicho ndicho kilichomtoa Yunis kijijini kwao Malindi, kule milimani, alfajiri ile. Ilitangazwa kanisani kwamba daktari huyu anatoboa mgongoni kitundu cha kupita penseli, anaingiza mrija wenye taa, anaondoa kinachobana mshipa, na siku ya tatu mtu anatembea. Hakuna kupasuliwa kama mbuzi wa sikukuu.

Naye alikihitaji, Mungu shahidi. Miaka kumi na mmoja alikuwa akipandisha matenga ya kabichi kutoka bondeni hadi barabarani. Tangu biashara iachiwe huria, na malori ya wanunuzi kuanza kuja kila siku, matenga nayo yakaongezeka. Mumewe, Nikodemo, alikuwa na dawa moja tu: "Mwanamke asiyeumwa mgongo huyo hajalima."

Bahasha ilikuwa ya Wema, mdogo wake. Wema aliumwa mgongo miezi mitano tu. Mitano! Na tazama mambo. Aron, mumewe, alimpeleka mpaka Dar, akapigwa picha kwenye hospitali ya kulipia. Waliporudi, Aron akawa mtu mwingine. Maji anachota yeye, mwanamume mzima na ndoo kichwani. Wenzake wanamcheka, hajali. Akanunua godoro la sponji. Akamleta mama yake kutoka Gare aje apike na kulea watoto. Akamwita hata mpiga picha amkalishe Wema uani na watoto wote watatu, siku ambayo si Krismasi wala si kipaimara cha mtu.

Jamani, kuna wanaoolewa na kuna wanaoajiriwa. Yunis alijiambia hivyo kila alipojitwika tenga.

Jumapili iliyopita alikwenda kumjulia hali. Wema alijikongoja ainuke kumwamkia.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kaa tu, malkia, usihangaike."

Hata kiuno chake kilikuwa kimerudi cha usichana. Kitenge kilimzunguka mara mbili na kubaki. Yunis aliliona na hilo, akalitamani nalo. Akaliminya godoro kwa vidole.

"Mwenzetu unalala peponi!"

Mama yake Aron alikuwa akimenya viazi pembeni. Hakuinua macho. "Kitanda usichokilalia, mwanangu, huwajui kunguni wake."

"Kunguni gani tena, mama, kwenye godoro jipya!" Yunis alicheka, lakini moyoni aliungua. Akamgeukia mdogo wake. "Alhamisi si unakwenda kwa bingwa?"

"Aron anasema nisubiri kwanza," Wema alijibu. "Kila nikimuuliza anasema bado."

Aron alikuwa amesimama mlangoni. Alichukua ndoo, akatoka nje.

Hapo ndipo Yunis alipoiona bahasha ya picha za Dar juu ya kabati, imeshika vumbi. Yaani mtu ana sahani mbele yake, haigusi, na mwenye njaa anamtazama! Mgongo ni mgongo, alijiambia. Tumbo moja limetuzaa, mifupa itatofautiana nini? Wema alipopitiwa na usingizi, na mama mkwe kwenda jikoni na viazi vyake, bahasha iliingia chini ya kanga.

"Wema Aron!" nesi aliita.

Yunis aliinuka. Alihisi benchi zima linamjua.

Daktari alikuwa mtu mpole, wa makamo. Alichomoa picha, akaibandika kwenye kioo chenye taa, akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akatoa barua ya Kiingereza iliyokuwa imebanwa nayo, akaisoma mara mbili. Yunis alishika ukingo wa meza. Barua itakuwa imetaja umri, alifikiri. Itakuwa imetaja kovu ambalo mimi sina. Sasa hivi ninatolewa nje mbele za watu.

"Umekuja na nani, mama?"

"Peke yangu."

"Mume wako?"

"Yuko shambani."

"Watoto unao?"

"Watatu," alijibu, akihesabu wa Wema. "Wa mwisho hajaanza shule."

Daktari aliizima taa ya kioo.

"Walikuambia unaumwa nini?"

"Mgongo tu, daktari. Nitoboe hicho kitundu, nitavumilia. Nimevumilia makubwa."

Daktari alizunguka meza, akavuta kiti, akakaa karibu naye kabisa. Akamshika mkono.

"Mama, mimi siwezi kumficha mgonjwa wangu. Hii ni saratani, si ya kutoboa wala ya kupasua, imeshasambaa mwilini. Mwenzangu wa Dar ameandika hapa kwamba mume wako alielezwa tangu mwezi wa nane kuwa mwaka huu hutaumaliza, na kwamba alipiga magoti akaomba usiambiwe."