Mngurumo wa Mazishi

Siku hizi kila sikio limepandikizwa kichujio cha sauti kisichotoka, na sauti kali ikipita humo hugeuka tamu. Hata kilio. Ndiyo maana mazishi ya binti yetu Mueni yalitulia kama harusi ya matajiri.

Ujanani niliimba metali ya kifo, ule muziki wa roki mkali kupita yote, katika bendi moja ya Nairobi, mume wangu Mutinda akipiga ngoma. Waliotutangulia walianza kwa kupiga gitaa mbio mbio. Baadaye wakalegeza nyuzi zikalia nzito, mwishowe sauti ya mwimbaji ikashuka tumboni ikawa mngurumo, kwa sababu kifo hakiimbiki kwa kubembeleza.

Basi nilisimama kando ya jeneza nikanguruma vile vile. Masikioni mwangu nilisikia wimbo laini tu. Ladha ya damu kooni ndiyo iliyoniambia kwamba nimenguruma kweli.

Mama mkwe alinishika bega. "Umetutuliza mioyo, mwanangu. Kama wimbo wa kulaza mtoto."

Nikamtazama Mutinda, aliyeijua sauti ile kuliko mtu yeyote. Alikuwa amefumba macho, akiyumba polepole.

"Rudia, mama Mueni," akasema. "Kuna wageni wamefika sasa hivi."