Mali ya Mzee Angetile

Fimbo ya Mzee Angetile iligonga mlango wa mahakama mara moja tu, na Tusekile, mwanamke mzima wa miaka arobaini na mitatu, akapandisha kanga magotini, akaruka dirisha, akatoka nje.

Hakimu Dorothea, aliyehamishiwa Kyela kutoka Bukoba miezi miwili iliyopita, aliweka kalamu chini. "Mdaiwa amekwenda wapi?"

"Mheshimiwa, huyu anayeingia ni baba yangu mzazi," alisema Anyelwisye, mume aliyefungua kesi ya talaka. "Kwa mila zetu mkwe haonani na baba wa mume, wala hasemi mbele yake. Mila ni kitu cha kuheshimiwa."

Alilitamka neno hilo kwa unyenyekevu kama mzee wa kanisa. Ni huyu huyu aliyehamia mjini kuishi na Lucy wa duka la vipodozi bila kuiuliza mila inasemaje.

Hii ilikuwa mara ya tatu. Kila Tusekile akisimama kueleza jinsi alivyopanda kakao ile ya kijijini Njisi shina kwa shina, akiwa na mimba, na jinsi fedha ya kakao hiyo ilivyojenga nyumba ya mjini, fimbo inagonga mlango. Mahakama ikimwomba mzee asubiri nje, mwanawe anasimama: mali ni ya mzee, ana haki ya kusikiliza. Karatasi anazo. Shamba, nyumba, bajaji mbili, vyote viliandikwa jina la Angetile wiki tatu kabla ya kesi. Mjanja huyo! Kilichobaki kwa jina lake Anyelwisye kilikuwa baiskeli isiyo na mnyororo.

"Mzee, mali hii ni yako?" aliuliza hakimu.

"Ni yangu," alisema Mzee Angetile. "Mwanangu kaniandikia, na anastahili baraka. Miaka kumi na tisa nakula wali wake kila jioni, kwenye bakuli la maua ya bluu. Dawa zangu za presha ananunua yeye. Blanketi, yeye. Huyo mke wake, Mungu anisamehe, tangu aje hajanipa hata kikombe cha maji."

Anyelwisye alikohoa, akaanza kuikagua dari.

Nje, chini ya dirisha, Tusekile alisogeza sikio karibu na ukuta.

Kwa miaka hiyo kumi na tisa, mkwe na mzee walikaa pande mbili za migomba ile ile bila kuonana uso. Kilichotoka huku kwenda kule, hata wali wa jioni, kilipita mikononi mwa mtu mmoja, aliyeendelea kuja jioni hata baada ya kuhamia mjini, na kilichotakiwa kurudi, hata kama ni "ndaga" moja ya asante, kilipita mikononi mwa mtu huyo huyo. Tusekile hakuwahi kuipata ndaga hiyo. Alikuwa ameambiwa kwamba mzee hana shukrani.

Mzee alipotoka, Tusekile alirudi kwa kupitia mlangoni, akijipangusa vumbi.

"Mama, sasa sema," hakimu alimwambia, na sauti yake ilikuwa na hasira ambayo haikumlenga yeye. "Karatasi hizi bado mbichi. Pinga, nitasikiliza hata wiki nzima."

"Sipingi, mheshimiwa. Mali ni ya mzee, nami nimesikia kwa masikio yangu. Naomba vitu viwili tu: ile sufuria yangu kubwa, na talaka yangu. Talaka itoke leo, yenye mhuri."

"Leo leo?"

"Leo leo. Sitaki kulala nikiwa mke wa mtu."

Anyelwisye alicheka mpaka karani akamtazama vibaya. "Mpeni na kifuniko chake!" alisema. Hakimu hakucheka. Aliandika kwamba mali ya mzee haiwezi kugawanywa, akagonga mhuri kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, akampa kila mmoja nakala yake.

Siku tisa Anyelwisye alikula raha mjini. Siku ya kumi alikumbuka karatasi. Alipanda bodaboda hadi Njisi, mikono mitupu, akamkuta baba yake kibarazani anakula.

Wali ulikuwa kwenye bakuli la maua ya bluu. Kwenye kigoda, uso kwa uso na mzee, alikaa Tusekile. Hakukimbia.

"Tata!" Anyelwisye alipiga kelele. "Mwiko! Unakula mbele ya mkwe wako?"

"Mkwe yupi?" Mzee Angetile alisafisha kidole kimoja kimoja, polepole. "Nimesomewa talaka yako hapa mara mbili. Ina mhuri mzuri sana. Siku mbili nililala njaa, ya tatu akaja mwanamke ambaye si ndugu yangu, kabeba sufuria. Chakula ni kile kile, chumvi ni ile ile. Basi tukaongea. Tulikuwa na mengi."

"Sawa, Tata, sawa. Nipe zile karatasi nirudi mjini."

"Karatasi zimepita kwa mwenyekiti, kwa mwanasheria, zimerudi na jina lingine. Mali ilikuwa yangu. Ulinifundisha mwenyewe kuyasema maneno hayo."

Anyelwisye aligeuka kwa Tusekile. Tusekile alikuwa amekwishasimama, anamwongezea mzee mchuzi.

"Ile nyumba ya mjini nakuachia ukae na Lucy, sina neno," alisema. "Ila kodi napokea ya miezi sita, kwa mkupuo."