Kipanya Kisicho na Masikio

Kipanya alichokuja nacho mgeni hakikuwa na masikio.

Katika darasa la kompyuta la wazee, pale Ibadakuli, Shinyanga, vitufe viwili vya kipanya huitwa masikio. Wazee wenyewe walivibatiza hivyo wiki ya kwanza, na mwalimu wao, Hosiana, alishachoka kuwasahihisha. Hiki kipya kilikuwa cheupe, kimelainika kama jiwe la kusagia lililotumika miaka mingi. Hakikuwa na kitufe, wala gurudumu, wala waya.

"Hiki ni cha mguso," alisema Bwana Eustace, akikiinua juu wote wakione. "Unatelezesha kidole mgongoni mwake, basi."

Bwana Eustace alitoka Geita, kwenye ofisi ya wafadhili waliotoa kompyuta kumi za darasa lile. Alikuja na swali moja: wazee wanajifunza kweli, au wanakuja kupunga upepo? Kama hawajifunzi, kompyuta zingepakiwa jioni hiyo hiyo ziende kwa vijana wa migodini. Gari lilikuwa mlangoni, turubai limeshafunguliwa.

Boksi la kipanya lilizungushwa darasani. Wanafunzi waliishangaa picha iliyokuwa juu yake. Mzee Ngusa, mwenye miaka sabini na minne, alibaki na karatasi iliyokuwa ndani. Yeye husoma chochote chenye herufi, hata gazeti lililofungia maandazi.

Mgeni alichomeka kidude cha kuunganishia kipanya kwenye kompyuta ya mbele, akakiweka kipanya mezani, akakunja mikono kifuani.

"Kiko tayari, bwana?" Hosiana aliuliza.

"Mwalimu, mimi nimekuja kukagua, si kukaguliwa."

Hosiana akarudi nyuma hatua moja.

"Haya," mgeni akasema. "Mmoja wenu afungue ukurasa wa hali ya hewa, ausome mpaka mstari wa mwisho."

Hosiana alimtupia jicho Mbuke, mwanafunzi wake mwepesi kuliko wote. Lakini Mzee Ngusa alikuwa ameshasimama.

"Kaa, babu," Hosiana alinong'ona. "Mwache Mbuke."

"Mbuke ana wajukuu wanaomheshimu. Wangu walishanizoea."

Akaketi mbele ya kompyuta. Mkono wake, uliopasuka nyufa kwa miaka hamsini ya jembe, ulikifunika kipanya chote. Mshale kwenye kioo haukusogea. Akatelezesha kidole. Kimya. Akatelezesha viwili.

"Ngusa, mbona unampapasa kama ndama mgonjwa?" Mbuke alimchokoza kutoka nyuma.

"Namsalimia kwanza. Huyu ni mgeni, hajatuzoea."

Darasa likacheka. Bwana Eustace hakucheka.

"Telezesha, mzee. Nimeshaeleza."

"Natelezesha, mkubwa."

"Basi ni vidole vyako. Vimekauka mno." Alitoa daftari mfukoni, akafungua kalamu. "Nililijua hili tangu Geita. Mikono ya jembe na vitu hivi wapi na wapi?"

Hosiana aliiona kalamu ikiandika neno moja, herufi kubwa: HAWAWEZI. Nje, dereva alikuwa ameanza kukunjua kamba.

Mzee Ngusa alikitazama kipanya, kisha akamtazama mgeni.

"Umesema vidole vimekauka, mkubwa?"

"Vimekauka."

"Hilo dogo."

Akatema mate kwenye kiganja cha kulia, akatema na cha kushoto, akavisugua kwa nguvu kama mtu anayeshika mpini asubuhi ya kwanza ya kulima.

"Babu!" Hosiana alipiga kelele.

Bwana Eustace aliruka hatua mbili nyuma. Tone moja lilikuwa limeangukia kipanya.

"Samahani, samahani sana," alisema Mzee Ngusa. Akakinyakua, akakifuta kwa pindo la shati: mgongo, ubavu, tumbo, mgongo tena, taratibu, kama anayemfuta mtoto makamasi. Akakirudisha mezani na kuweka kidole juu.

Mshale ukaruka.

Ukurasa ukafunguka. Kidole kikateleza, nayo maandishi yakapanda juu ya kioo kama maji. Kwa kitambo Mzee Ngusa alisahau kwamba kuna watu.

"Yaani ukimkuna huku, anapanda. Ukimkuna huku, anashuka. Na wala hapigi kelele!" Kisha akakohoa, akanyoosha mgongo, akasoma kwa sauti ya mzee wa kanisa. "Shinyanga. Mawingu kiasi. Mvua chache alasiri. Upepo kutoka mashariki." Hakuruka hata nukta, mpaka mstari wa mwisho.

Mbuke ndiye aliyeanza vigelegele.

Uso wa Bwana Eustace ulichanua. "Mmeona? Nilisema ni vidole!" Alilikata lile neno kwa mistari miwili, akaandika upande wa pili wa karatasi. "Unyevu wa vidole. Hili lazima liingie kwenye ripoti. Kompyuta zinabaki."

Akamwamuru dereva afunge turubai, akampa kila mwanafunzi mkono, isipokuwa Mzee Ngusa, ambaye alimpungia kwa mbali.

Vumbi la gari lilipotulia, Hosiana alimgeukia mzee, mikono kiunoni.

"Babu Ngusa, hata kama tumepona, ndiyo kutema mate mbele ya mgeni? Adabu gani hiyo?"

"Nisamehe, mwalimu. Nilikosa sababu nyingine ya kukipindua kile kitu mbele ya watu."

"Kukipindua? Ili iweje?"

Mzee Ngusa alivaa kofia yake na kuinama karibu na sikio lake, wenzake wasisikie.

"Swichi iko tumboni, mwanangu. Mkubwa alisahau kuiwasha."